Shingo ya Kizazi Hiki

Shangazi yangu ana duka la nguo Mombasa, na mara mbili kwa mwaka huja Guangzhou kuchukua mzigo. Wakati ule mimi nilikuwa msichana wa chuo, nasoma huku kwa ufadhili, na kila akija nilikuwa mkalimani wake, mbebaji wake, na mtu wa kulaumiwa mvua ikinyesha. Kichina changu kilitosha darasani na dukani. Chake kilikuwa cha soko tupu. Alijua kumwita mwenye duka laoban, yaani bosi. Alijua kuuliza bei, kusema ni ghali, kusema hataki, na kuomba saizi kubwa au ndogo. Na alijua meiyou, hakuna, neno alilokuwa akilisikia mara nyingi kuliko salamu. Kwa maneno hayo aliweza kugombana na mtaa mzima wa Shisanhang, na kesho yake wakamkaribisha kwa chai.

Safari hii ninayoieleza alikuja na kazi nyingine, ambayo hakuitaka. Binti yake wa mwisho, binamu yangu, alikuwa na miaka kumi na miwili, na shuleni kwao walikuwa wametembelewa na muuguzi. Wasichana walielezwa habari za chanjo ya kuwakinga na saratani ya shingo ya kizazi, kwamba inafaa kuchanjwa mapema, na kwamba mama zao nao waende wakapimwe, kwa sababu ugonjwa huu hukaa kimya miaka mingi na ukigunduliwa mapema huzuilika kabla haujawa saratani. Binamu yangu anaogopa sindano kuliko simba. Akarudi nyumbani na masharti: "Ma, nitachanjwa. Lakini wewe upimwe kwanza."

Shangazi akakubali upesi, halafu akapanda ndege. Alidhani amenusurika. Alisahau kwamba siku hizi simu ina video.

"Ma, umepimwa?" Kila jioni, kabla hata ya salamu.

"Leo nilikuwa Shahe, mwanangu, soko linafunguliwa alfajiri."

"Ma, hospitali nazo hazifunguliwi?"

Mtoto hakuwa akifanya mzaha. Shangazi alikuwa na mwenzake wa biashara, mama mmoja wa Likoni, ambaye kila safari walilala chumba kimoja. Mama yule alikuwa akitokwa na damu siku zisizo zake, akasema ni uchovu wa ndege. Alipofika hospitali ugonjwa huu huu ulikuwa umekwenda mbali. Binamu yangu alikuwa akimwita mama pia, na aliona alivyokonda mpaka pete zikawa zinamvuka vidoleni. Shangazi aliyaona yote hayo kwa karibu zaidi, na ndiyo maana alikimbia. Huyu ni mwanamke anayepigana vikumbo na mikokoteni ya Shahe saa kumi za alfajiri bila kusogea. Tulipokuwa tunakula tambi siku moja nikamwuliza anaogopa nini hasa.

"Nikipimwa wataona."

"Wataona nini?"

"Hicho watakachokiona."

Akamaliza supu, akafuta mdomo, akasema, "Haya. Nitafutie mahali. Lakini pasiwe mbali na soko."

Nikapata hospitali kubwa, vituo vichache vya metro kutoka Shahe. Watu mlangoni walikuwa wengi kama uwanja wa ndege. Kuna meza pale mbele ambapo muuguzi humwelekeza mgonjwa aende chumba gani, na mimi nilikuwa nimeinama natafuta pasipoti ya shangazi ndani ya mkoba wake, ambao una kila kitu isipokuwa unachokitafuta. Nilikuwa nimewasha simu yangu kwenye programu ya kutafsiri. Shangazi akaninyang'anya.

"Mwili wangu, nitausemea mwenyewe," akasema, akaisogeza simu mdomoni na kupiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto: "Nataka kupimwa shingo ya kizazi!"

Ukumbi mzima uligeuka. Simu ikafikiri kidogo, ikatoa herufi za Kichina. Nikazitupia jicho, nikaona ile ya "shingo", nikaridhika. Shingo si shingo?

Muuguzi akasoma. Uso wake ukajaa huruma. Akatikisa kichwa, akainamisha shingo yake, akawa anabonyeza hewani kwa vidole gumba viwili. "Kizazi hiki!" akasema kwa Kichina. "Simu! Simu!"

Nikadhani ananiambia tujiandikishe kwa simu, maana hapa hata choo utadhani kinataka ujiandikishe kwa simu. Nikajiandikisha pale aliponielekeza, nikabonyeza kila kitu alichosema nibonyeze. Ndipo baadaye, nilipoyasoma vizuri maneno yale, nikaona kosa. Simu haikujua kwamba kizazi ni tumbo la uzazi. Ilichukua kizazi kuwa watu wa zama moja. Shangazi yangu alikuwa amemwambia yule dada kwamba anataka kukaguliwa shingo ya kizazi cha leo.

Tukapanda ghorofa ya juu. Barazani walikuwa wamekaa vijana wa maofisini, na nusu yao walikuwa wanaume. Nikashangaa. Nikajiambia, ama kweli nchi hii imeendelea, wanaume wanawasindikiza wake zao. Ila sikuwaona wake.

Jina la shangazi likaitwa. Mlangoni akatokea daktari mwanamume, mikono minene kama ya mkandaji wa chapati. Shangazi akarudi nyuma mpaka akanikanyaga.

"Mwulize kama wapo wa kike."

Walikuwepo. Akaja mama mfupi, naye ana mikono ileile. Akamshika shangazi begani, akamwingiza ndani, na mimi nikaambiwa ningoje kwa kuwa chumba ni kidogo. Nikaketi. Halafu nikasikia, "Yarabi!" Halafu kitu kikalia kwach, kama kuni kavu. Kijana aliyekuwa jirani yangu akakunja uso. Nilikuwa nimeshasimama niende kumwokoa dada wa baba yangu, nikasikia anacheka. Kisha sauti yake ikatoka wazi, ya mtu anayefurahi kweli:

"Hapo hapo! Hapo hapo, laoban!"

Nikaketi tena. Nikatazama sakafu. Sijawahi kuitazama sakafu kwa makini namna ile.

Alipotoka mtandio ulikuwa umekaa upande na uso unang'aa kama ametoka kusuguliwa singo ya harusi. "Nimemaliza," akasema. "Na wanawake wa kwetu wanaogopa! Wajinga kweli. Mwanangu, nimepimwa nikapimika."

"Haikuuma?"

"Mwanzo kidogo, alipobonyeza huku." Akajishika kisogo.

"Huko?"

"Na huku." Mabega. "Halafu akanivuta kichwa."

"Kichwa? Shangazi, ulivua nini?"

"Mtandio."

Nikainua macho kwenye kibao cha mlango ambacho nilikuwa nimekaa chini yake muda wote. Nikakisoma polepole. Maumivu ya shingo, mabega, kiuno na miguu. Nikamweleza. Hakutaka kuamini.

"Hawa watu wakitaka kutibu goti wanakuchoma sindano sikioni," akasema. "Mimi nilidhani wanaifikia kwa juu."

Jioni binamu yangu akapiga. Tulikuwa tumeingia kwenye mkahawa wa tambi wa Waislamu, na shangazi akaipokea simu kabla sijamzuia.

"Nimepimwa!"

"Alhamdulillahi! Ilikuwaje, Ma?"

"Raha."

Uso wa mtoto ukasogea mpaka ukajaa kwenye simu. "Ma. Raha?"

"Shingo sasa inageuka mpaka nyuma, tazama." Akageuza.

Mtoto akashika kichwa. Kisha akaanza kumfundisha mama yake, kwa sauti ya mwalimu, mambo aliyofundishwa shuleni. "Ma, una chupa hapo? Ishike. Hiyo chupa ndiyo kizazi. Sasa igeuze, mdomo uangalie chini. Umeiona shingo yake? Hiyo ndiyo wanayopima."

Shangazi akaigeuza. Kifuniko kilikuwa wazi. Maji yote yakamwagikia mapajani, na mwenye mkahawa akaja na tambara, na shangazi, aliyezaa watoto watano, akamwambia binti yake kwamba wote walipitia kwenye shingo hiyo na yeye hahitaji chupa. Lakini sharti likabaki palepale. Mtoto alikata simu akisema, "Ya chini, Ma. Ya chini."

Mara ya pili sikuiamini simu. Nilimwomba mwenzangu wa darasani, dada wa Kichina, anifundishe neno lenyewe. Akanieleza kwamba kwa Kichina tumbo la uzazi ni kasri la mtoto, na mlango wake nao wanauita shingo, shingo ya kasri. Nilipomwambia shangazi, alisimama katikati ya ngazi za metro, watu wakawa wanatupita kushoto na kulia.

"Kasri?"

"Kasri, kama la sultani."

"Na mimi miaka yote hii sijui nina kasri." Siku ile alitembea tofauti. Alipita mlango wa hospitali kama mwenye nyumba.

Idara ya wanawake haikuwa na mwanamume hata mmoja ndani; walikuwa wameachwa nje, wamepakata mikoba. Daktari alikuwa mama mtu mzima, pengine anamzidi shangazi umri, miwani imening'inia kifuani. Akaanza kuuliza maswali, mimi nikitafsiri. Umri. Watoto. Siku za mwezi mara ya mwisho. Halafu akauliza swali ambalo kwa Kichina ni jepesi, wanauliza kama wanavyouliza unakula pilipili: una maisha ya kitandani?

Kwa Kiswahili, kumwuliza dada wa baba yako, hakuna pa kuanzia.

"Shangazi, anauliza kama una... maisha."

"Maisha?"

"Maisha."

"Si ananiona nimekaa hapa? Mwambie niko hai!"

"Maisha ya... ya mume."

"Aah! Mwambie mume ninaye, yuko Mombasa, anakoroma."

Nikamgeukia daktari nikasema, "Ndiyo."

Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda chenye mahali pa kuegemeza miguu. Shangazi alivua buibui, na chini ya buibui kulikuwa na dera, na chini ya dera suruali ya kubana aliyoinunua Shahe asubuhi ile ile, karatasi ya dukani ingali inaning'inia kiunoni. Akaivua, akapanda. Mimi nikasimama upande wa kichwa, nimemshika mkono, macho ukutani, ambako kulikuwa na picha kubwa ya ile chupa iliyogeuzwa.

"Legeza," daktari akasema, nami nikatafsiri.

"Nilegeze nini? Kila kitu kimeshikana!"

Daktari akachukua kile kifaa cha plastiki chenye mdomo kama wa bata. Shangazi akainua kichwa, akakiona, na hofu yote aliyoisafirisha kutoka Mombasa ikakutana na Kichina chote alichonacho.

"Kubwa mno!" akapaza sauti, kwa Kichina safi cha soko. "Laoban! Ndogo ipo?"

Daktari akashusha kifaa. Akanitazama, akamtazama yeye. "Ipo," akajibu.

Shangazi akaduwaa. Miaka yote ya meiyou, na leo kauliza akaambiwa ipo, bila kungoja, bila kuambiwa arudi kesho. Daktari akafungua droo, akatoa kingine kidogo kuliko kile, akamwonyesha kama mwuza duka anavyoonyesha kitambaa. Shangazi akakikagua pande zote, akaridhia kwa kichwa.

Kisha daktari akaishika ile suruali iliyokuwa imelazwa kitini, akaifikicha kwa vidole. "Nzuri hii. Umeinunua wapi?"

Ningekuwa na akili kama ya yule mama ningekuwa mbali. Shangazi akasahau alipo. Akaanza kueleza duka, ghorofa, upande wa ngazi. Akasema rangi nyeusi haichuji lakini ile ya udongo asinunue. Akaniambia nimtafsirie kwamba mshono wa kiunoni ndio wa kutazama. Nami natafsiri mbio mbio, na daktari anasema "mm, mm", na brashi ndogo ikapita, na mambo yakawa yamekwisha.

"Bado hajaanza?" shangazi akauliza.

"Amemaliza."

"Muongo." Akatazama chini. Akaona kweli yamekwisha. Machozi yakamtoka, si mengi, na akayafuta kwa haraka kwa ile suruali mpya. Najua alimkumbuka yule mama wa Likoni.

Alipokuwa anavaa, daktari akarudi mezani kwake, akanitazama juu ya miwani. "Na wewe? Una miaka mingapi? Umechanjwa? Umewahi kupimwa?"

Nikasema mimi ni mkalimani tu.

"Wakalimani nao wana kasri," akasema. Kisha akauliza lile swali.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa pazia anafunga mtandio. Kwa Kichina ana maneno kama kumi, lakini sikio lake ni la mfanyabiashara, na neno likimpita mara moja halisahau.

"Hilo si lile la maisha?" akauliza.

Sikuwa na mume. Sikuwahi kuwa naye. Masikio yangu yakawa ya moto. Nikamwambia daktari nitakuja kesho, na shangazi akalidaka hilo nalo. "Mingtian? Unamwambia mingtian? Wenye maduka wakiniambia mingtian mzigo hauji mpaka mwezi uandame! Leo hii hii."

Daktari akatutazama sisi wawili. Sidhani alihitaji mkalimani. Akachukua kikombe cha plastiki, akampa shangazi, akamwonyesha kwa ishara mtungi wa maji ya moto mwisho wa baraza, ambao ulikuwa mbali sana. Shangazi akaenda kwa utii, akidhani ni sehemu ya kipimo. Pazia likafungwa, swali likaulizwa upya, kwa sauti ya chini. Nilichojibu kinabaki kwangu na kwa daktari. Shangazi aliporudi na maji yake nilikuwa nimeshashuka kitandani, navaa viatu.

"Ulimwambia nini?" akaniuliza kwenye metro.

"Nilimwambia niko hai."

Akanitazama mpaka kituo kilichofuata. Kisha akaniuliza kama maji yale ya moto alipaswa kuyanywa, maana ameyanywa.

Majibu yalikuja kwenye simu yangu siku ya kufunga mizigo. Tulikuwa chumbani kwake, magunia yamejaa mpaka dirishani, yeye amepiga magoti juu ya moja analizungushia utepe wa gundi. Nikamsomea lake kwanza. Halina kitu. Safi. Akapiga kigelegele, mwenye nyumba akagonga ukuta.

Kisha nikalisoma langu, nikalirudia tangu mwanzo. Virusi vinavyoweza kuleta saratani hii, ambavyo mtu huvipata kitandani, vimeonekana, katika aina za kuangaliwa. Seli zenyewe ziko sawa. Si saratani, daktari alikuwa ameandika, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Nirudi baada ya mwaka nipimwe tena, na chanjo bado ningeweza kuipata, kwa sababu ingenikinga na aina ambazo sijakutana nazo. Nikamweleza shangazi yote hayo kwa mpigo mmoja, huku natazama gunia, nikingoja swali la pili, lile la nani na lini.

Akakata utepe kwa meno. "Unarudi baada ya mwaka?"

"Ndiyo."

"Nitakuwepo. Shika hapa, vuta." Nikavuta. Hakuniuliza neno jingine, siku ile wala baadaye, na mimi kwa hilo nitambebea magunia mpaka nizeeke.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kuchanjwa kwenye kliniki ya mtaani kwetu. Binamu yangu naye akachanjwa shuleni. Alinitumia picha ya bega lake na maneno mengi ya kulalamika, yote kwa herufi kubwa, na mwisho akasema muuguzi alimaliza kabla yeye hajafumba macho vizuri.

Mwaka uliofuata nikapimwa tena, na virusi havikuonekana. Daktari akaniambia chanjo isinifanye nijisahau, niendelee kurudi kila ukifika wakati. Shangazi alikuwepo, kama alivyoahidi, ila hakuja peke yake. Alikuja na wafanyabiashara wenzake wawili kutoka Mombasa, mama wazima, ambao alikuwa ameshawaeleza habari za kasri mpaka wakachoka. Tukakaa wote barazani, wao wamebana mikoba tumboni. Wa kwanza akalala usingizi palepale kwa hofu, akaanza kukoroma. Wa pili jina lake likaitwa. Akasimama. Akaketi tena. Akafungua mkoba, akatoa ndizi, akamwambia muuguzi kwa Kiswahili amngoje aimalize.

Muuguzi akanitazama mimi. Nikamtafsiria. Akasema hakuna shida, tukangoja.